Hapa Si pa Pasi

Mjukuu wangu ana jina zuri tulilompa siku aliyozaliwa, lakini ukubwani mwake mtaa ulilisahau kwa siku chache tu. Wakaanza kumwita Nusu Taa. Watoto walilitamka wakipita na madumu ya maji, wanaume wa kwa kinyozi walilitamka kwa kicheko. Hata muuza vifungo, ambaye mjukuu wangu humtolea kiti kila akipita amechoka, alichungulia mlangoni akauliza, "Nusu Taa yupo?" kisha akaziba mdomo kwa haya. Nilimsamehe yule muuza vifungo, maana aliona haya. Aliyelileta jina lenyewe sikumsamehe. Nilijiambia sitaingia kaburini kabla sijamrudishia mzigo wake.

Mjukuu wangu ni fundi wa kudarizi. Hadarizi kwa mkono kama tulivyofundishwa sisi. Ana mashine ya kompyuta yenye sindano zilizojipanga kama meno, unaipa mchoro, nayo inashona nembo yenyewe kwenye shati au koti, ikibadilisha rangi za uzi bila kuambiwa. Alipoolewa, yeye na mumewe walifungua karakana pamoja. Wakanunua mashine mbili za mitumba zilizofanana kama pacha, na kwa kila mashine boksi moja la betri. Wenye maduka huliita yupiesi. Ni boksi jeusi, kimo cha ndoo, zito kuliko linavyoonekana. Umeme wa ukutani unaingia humo kwanza, ndipo uende kwenye mashine.

Siku maboksi yalipoletwa niliyadharau. "Na haya ni ya nini? Mapambo?"

"Mke mwenzangu," akasema mjukuu wangu. Ndivyo tunavyoitana, tangu alipokuwa hajui kufunga kamba za viatu. "Hawa ndio walinzi. Umeme ukikatika, boksi linashika hapo hapo kabla mashine haijajua. Ukirudi kwa kishindo, kishindo kinaishia kwenye boksi, mashine inapata umeme uliotulia. Hizi mashine zetu ni za zamani, hazina kumbukumbu. Ikizimika katikati ya nembo, imesahau ilipofika. Ukiilazimisha kuendelea, uzi hauangukii pale ulipoishia. Nguo ndiyo imekwisha."

"Kwa hiyo linakaa kutwa nzima limenyamaza, linangoja baya litokee."

"Ndiyo kazi yake."

"Kumbe ni bibi," nikasema, na alicheka mpaka akaegemea ukuta.

Nyuma ya boksi kuna matundu ya plagi. La mashine aliliacha wazi, mengine akayaziba kwa tepu nyeupe na kuandika juu yake kwa wino mzito: HAPA SI PA PASI. Maana fundi wa nguo na pasi ni kama mdomo na ulimi, na akiona tundu lenye umeme mkono wake huenda wenyewe. Alinieleza kwamba pasi moja inakula umeme kuliko mashine kadhaa zikiwekwa pamoja. Boksi likibebeshwa pasi hupiga yowe, kisha hujizima lisije likaungua, na chochote kilicholitegemea huzimika nalo.

Mumewe alisoma maandishi yale akacheka kwa puani. "Tundu ni tundu. Huyu mwanamke angeweza hata kuliandikia jua lisiingie dirishani."

Boksi lake yeye hakulitia tepu. Wala hakulitunza. Aliliweka chini ya dirisha, jua likilipiga kila mchana, mpaka betri zake zikavimba na kufa. Mjukuu wangu alimwambia betri haipendi joto. Akaambiwa aache uhodari.

Ndoa ikavunjika. Zilivunjika za walio bora kuliko wao, sitasimulia hilo. Siku ya kugawana vitu yule bwana alijitolea kubeba vizito vyote mwenyewe. Mashine yake, mashine ya mjukuu wangu, mabunda ya kitambaa, na yale maboksi mawili aliyoyafunika blanketi yasichubuke. Alitokwa jasho shingoni. Nilimletea maji, nikamwambia Mungu akubariki baba, akanijibu, "Kwako, mchumba wangu, ningebeba hata nyumba." Utani wake na mimi ulikuwa huo, tangu siku ya posa.

Alipanga chumba ng'ambo ya barabara, mlango unatazamana na wetu. Akapaka kibao rangi nyekundu: KARAKANA HATUZIMI. Tangu hapo watu wakamwita Hatuzimi, naye akalipenda jina.

Mjukuu wangu alipopanga karakana yake upya aliona boksi halina tepu. Akadhani imebanduka njiani kwa blanketi. Akabandika nyingine, akaandika maneno yale yale. Taa ndogo ya kijani iliwaka kama kawaida, maana umeme wa ukutani ulikuwepo. Mlinzi aliyekufa na mlinzi aliyesinzia huwezi kuwatofautisha mpaka mwizi aje.

Ndipo akaja Matroni, mkuu wa chuo cha wauguzi. Alitaka makoti machache ya majaribio, yadariziwe nembo ya chuo, ambayo ni taa yenye ulimi wa moto. Yakimpendeza, angetoa kazi ya sare za chuo kizima, mwaka hadi mwaka. Ni mama mrefu, mkavu wa maneno. Lakini niliona alivyoinama kuokota uzi uliokuwa umenizunguka mguu, akauweka mezani bila kusema kitu, nikampenda. Aliona na ile tepu nyuma ya boksi, akatabasamu.

"Hata wodini kwetu tuna matundu kama haya," akasema. "Ni ya mashine za wagonjwa tu. Tumeyaandika, na bado utamkuta mtu anachomeka birika la chai. Aliyeandika hii ana akili ya wodi."

Mjukuu wangu aling'aa siku nzima.

Sasa, katika kazi hii kuna utaratibu unaoitwa kumalizia machoni. Kwa mteja mkubwa, nguo ya mwisho haishonwi mpaka afike. Anakaa, anaona nembo inavyozaliwa, kisha nguo inapigwa pasi na kukabidhiwa mikononi mwake ikiwa bado ya moto. Ikitoka salama, mmefungana. Siku ya Matroni mjukuu wangu alivaa gauni lake la kitenge lisilotoka sandukuni ovyo. Mashine ikaanza. Kitako cha taa kikatoka, mkono wa taa ukatoka, utambi ukaanza kuchomoza. Umeme ukakatika.

Tulingoja ule mlio mfupi mfupi wa boksi, ti, ti, ti, wa kusema nimeshika. Haukuja. Mashine iliganda na sindano ndani ya nguo.

Matroni alilitazama lile koti kwa muda. "Nusu taa," akasema, taratibu, kama anayesoma kipimo cha homa. Akaaga kwa heshima. Kutoka mlangoni petu alimkuta Hatuzimi amesimama kwenye kizingiti chake, mikono nyuma, shati jeupe. Alimsikia akisema, nasi tukasikia, maana alitaka tusikie:

"Pole mama. Nusu taa ni mkono mzembe, si umeme. Umeme haumjui mtu. Karibu kwetu, sisi hatuzimi."

Jioni ile ile jina likaanza kutembea mtaani.

Mjukuu wangu alilifungua boksi kwa bisibisi. Ndani alikuta betri zilizovimba kama matumbo ya vyura. Alizijua. Alikuwa ameziona zikivimba chini ya lile dirisha. Akavuka barabara na betri moja mkononi, nikamfuata kwa fimbo yangu.

"Umenibadilishia boksi," akamwambia.

"Mimi?" Hatuzimi akaweka mkono kifuani. "Dada yangu, maboksi yote meusi. Kama ulishindwa kulitunza, mimi nifanyeje?"

"Usiniite dada."

"Basi nikuiteje? Nusu Taa?"

Waliokuwa kwa kinyozi wakacheka. Mjukuu wangu alirudi nyumbani akiwa mkavu kama ganda, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Nitaimwagia maji mashine yake. Wallahi nitaimwagia ndoo nzima."

"Maji ni ya kunywa," nikamwambia.

"Bibi, usinitulize!"

"Sikutulizi, mke mwenzangu. Nakuambia usimpe watu wa kumwonea huruma. Ukimwagia maji, kesho yeye ndiye mwenye haki na wewe ndiye kichaa. Kikulacho ki nguoni mwako, nasi nguo ndiyo kazi yetu. Nguo huikung'uti kwa hasira, unaigeuza taratibu, unatafuta mshono kwa mshono."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nimpate."

Asubuhi yake nikavuka barabara. Hatuzimi aliponiona aliinua mikono juu. "Mchumba! Umechoka kunikasirikia?"

"Mimi ni mzee, baba, hasira inanipandisha presha," nikasema. "Nimekuja kutafuta kazi ya kukalia. Macho ya kutunga uzi sina, lakini vidole vya kuchambua karatasi ninavyo."

Nyuma ya kila nembo hubaki karatasi ngumu inayowekwa ili kitambaa kisijikunje. Lazima ichambuliwe kwa kucha, kidogo kidogo. Ni kazi ya kuchosha, hakuna kijana anayeipenda. Hatuzimi alifurahi, na si kwa ajili ya karatasi tu. Bibi wa mtalaka wake akionekana amekaa karakanani kwake, nani tena angeamini habari ya boksi?

Mjukuu wangu aliposikia alinisusia chakula. "Unakwenda kumchambulia karatasi adui yangu."

"Nakwenda kumchambua mwenyewe," nikajibu. Hakucheka. Lakini asubuhi nilikuta kikoi changu kimekunjwa na kuwekwa juu ya fimbo yangu, kwa sababu asubuhi kulikuwa na baridi. Akiwa amenuna, hakuniacha nipigwe na baridi.

Siku ya kwanza tu nililiona boksi letu. Lilikuwa kando ya mashine yake, na nyuma, kuzunguka matundu, vumbi lilikuwa limeganda kwenye gundi ya tepu iliyobanduliwa, alama ya pembe nne kama dirisha. Nililitazama kama unavyomtazama mtoto wako amevalishwa nguo za watu. Kando yake, ukutani, ilikuwa pasi ya mvuke, na waya wake mrefu ungefika popote.

Nikachambua karatasi. Nikangoja.

Karakana ile ilikuwa na fundi mmoja wa kuajiriwa, Mama Pacha, mwanamke mwembamba mwenye watoto wawili wa tumbo moja na kicheko kisichotoka mara kwa mara. Siku ya pili aliniletea mto wa kuegemea, akasema eti umemzidia. Siku ya tatu alinichukua mkononi sindano ya kufungia nyuzi zilizoachia, akasema, "Bibi, hebu nijaribu macho yangu," akatunga uzi, akanirudishia. Kila siku akawa anajaribu macho yake. Hakuwahi kusema kwamba ni yangu yaliyochoka.

Mwezi ule mgao wa umeme ulikuwa mkali. Mtaa wetu ulizimwa kila siku baada ya chakula cha mchana mpaka alasiri. Karakana nyingine zilifunga milango, mafundi wakalala juu ya vitambaa. Kwa Hatuzimi mashine iliendelea, boksi likilia ti, ti, ti, na kila mlio ulinichoma, maana ulikuwa mlio wetu.

Mchana mmoja Hatuzimi ametoka, mteja akaja mbio anataka shati lake lipigwe pasi. Umeme haukuwepo. Mashine ilikuwa inashona nembo kubwa mgongoni mwa koti. Mama Pacha aliishika pasi, akatazama huku na huku, akaona matundu ya boksi. Akainama na plagi mkononi.

Nikaona kila kitu kitakavyokuwa. Yowe, giza, koti limeharibika. Moyo wangu ulinirukia kama wa msichana. Nilikuwa nimekingoja hicho! Kisha nikaona soli ya kiatu chake ilivyolika upande mmoja, na ule mto mgongoni mwangu. Hatuzimi angerudi, angemtazama yeye, si boksi. Angemfukuza kabla jua halijatua.

"Mwanangu," nikaita, "njoo unishikie huu uzi, umenifunga kidole."

Akaiacha pasi, akaja. Nikamchelewesha kwa vidole vyangu vya kizee. "Huyo mteja mwambie arudi umeme ukirudi," nikamwambia. "Na pasi uiache hapo hapo ukutani. Ukiona tundu limeachwa wazi, lina sababu zake."

Alinitazama, akalitazama boksi, akaitikia kwa kichwa. Hakuuliza. Mtu mwema anajua pia kutouliza.

Ndipo nilipojua ninachokitaka. Mkono wenyewe lazima uwe wa Hatuzimi.

Haikuchukua muda. Makoti ya Matroni yaliyoanzia kwetu yalikuwa yanamalizikia kwake, na Hatuzimi akampigia simu mbele yetu sote, mguu mmoja juu ya kiti. "Hapana mama, usije asubuhi. Njoo mchana, wakati wa mgao. Nataka uone kwa macho yako. Wenzetu wamezima, sisi tunashona." Akaweka simu mfukoni, akanikonyeza. "Mchumba, kesho uje umevaa vizuri. Utakuwa shahidi wangu."

"Nitakuwa, baba," nikasema. "Kwa moyo wote."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mjukuu wangu, "Kesho mchana uwe kizingitini. Vaa lile gauni lako."

"Kuna nini?"

"Vaa tu."

Kesho yake Matroni alifika na kijitabu chake kidogo cha ngozi, akapewa kiti cha mbele. Akaniona pembeni, akanitambua, akanisalimia shikamoo kwa kuinama kabisa. Nikaitikia marahaba, nikamwombea heri, na heri niliyomwombea niliijua mwenyewe. Umeme ukakatika kwa wakati wake. Chumba kikawa kizito, maana karakana ile ina dirisha moja tu. Boksi likaanza ti, ti, ti. Mashine haikutetereka hata mshono mmoja.

"Umeona?" Hatuzimi akasema, na kifua kikapanda. "Umeme umekwenda, taarifa hatuna."

Yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa kwenye mashine. Kwa wateja wadogo alimwachia Mama Pacha, lakini sifa hakumwachia mtu. Kitako cha taa kikatoka, mkono wa taa ukatoka. Akainuka akaichukua taa ndogo ya mkononi iliyokuwa juu ya meza yake, nikadhani anataka kumulika mashine. Hapana. Aliileta akaiweka karibu nami, juu ya rafu, akaigeuza mwanga uangukie vidole vyangu.

"Usiumie macho, mchumba," akasema kwa sauti ya chini, na hakusema ili Matroni asikie.

Mungu wangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hicho. Kwa muda mdogo nilimwona kijana yule yule aliyekuja kuposa na kunikalia miguuni. Nikamtazama. Kisha, kupitia mlango, nikamwona mjukuu wangu ng'ambo ya barabara, kwenye kizingiti, na gauni lake la kitenge, na mtoto mmoja anapita anaimba: Nusu Taa, Nusu Taa.

Utambi ulikuwa unaanza kuchomoza.

"Pasi imepoa, baba," nikasema.

Aligeuka. Akaigusa kwa kidole kilicholowa mate. Ilikuwa baridi kabisa. Angekabidhi vipi nguo ya Matroni isiyo ya moto? Mbele ya macho yake?

Mama Pacha akainuka upesi kuja kuichukua. Nilimshika kiganja. "Kaa, mwanangu. Nishikie hii karatasi." Akaketi.

"Hapa hatuzimi," Hatuzimi akamwambia Matroni huku akitabasamu, "wala hatupoi." Akauvuta ule waya mrefu, akainama nyuma ya boksi, akachomeka mwenyewe, kwa mkono wake wa kulia.

Boksi lilipiga yowe, mlio mmoja mrefu kama wa mtu aliyekanyagwa. Kisha likasema tap. Mashine ikaganda, sindano ndani ya koti. Nikasikia nzi dirishani.

Matroni aliinuka, akasogea, akainama juu ya koti. "Hii nimewahi kuiona," akasema.

"Ni boksi, mama! Ni boksi, si mimi," Hatuzimi akaanza. Alilibonyeza, akalipiga kofi, jasho likamtoka pale pale shingoni kama siku ile ya kubeba. "Halijawahi… ah! Kumbe ndiyo maana yule mwanamke aliliziba kwa tepu! Na mimi nikaibandua nikidhani ni…"

Lakini neno likitoka halina mlango wa kurudia.

"Aliliziba?" Matroni akauliza. "Hili?"

Akachukua taa iliyokuwa karibu nami, akamulika nyuma ya boksi. Alama ya pembe nne ilikuwa pale, gundi na vumbi. Aliitazama kwa utulivu wa mtu aliyezoea kutazama vidonda. "Hapa si pa pasi," akasema. "Niliisoma kwake, kwenye boksi lililokufa. Na hili zima liko kwako, na maandishi yake yamebanduliwa. Uliniambia nusu taa ni mkono mzembe. Naam. Leo nimeuona mkono."

"Mama, umeme haumjui mtu…"

"Umeme haumjui," Matroni akasema. "Mimi nimekujua."

Akafunga kijitabu chake na kuvuka barabara. Nilimwona mjukuu wangu akishika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Waliyoongea sikuyasikia, ila niliona Matroni akimwekea mkono begani, na mkono ule ulikaa pale muda mrefu kuliko salamu.

Hatuzimi alikuwa bado amechuchumaa. "Litarudishwa," nikamwambia. "Utalibeba mwenyewe. Sasa hivi, mchana huu. Na safari hii bila blanketi."

"Mchumba, watu…"

"Ndiyo. Watu."

Alilibeba begani. Mbele ya kinyozi wakatoka wote, mmoja na sabuni shavuni. "Hatuzimi!" wakampigia kelele. "Umezima?" Na wale watoto wa madumu, ambao hawana rafiki wala adui, wakapata wimbo mpya papo hapo: Nusu Taa amevuka barabara! Nusu Taa amebeba boksi! Nilimfuata nyuma kwa fimbo yangu, polepole, ili safari iwe ndefu.

Alilitua kando ya mashine ya mjukuu wangu. Mjukuu wangu hakumtukana. Alichukua tepu nyeupe, akakata, akabandika juu ya alama ile ile, akaandika. Alipomaliza akamtazama, akasema, "Tundu ni tundu?" Basi.

Mlangoni Hatuzimi alisimama karibu nami, macho mekundu. "Bibi," akasema. Hakuniita mchumba. "Ulijua litazima?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Na wewe ulipobadilisha maboksi, ulimwambia nani?"

Alipokuwa anashuka ngazi nikamwita. Aligeuka, nadhani alitarajia neno la huruma.

"Ile taa uliyonisogezea," nikasema, "ahsante. Nilikuwa sioni vizuri."

Akaenda zake. Watu husema kisasi hakimshibishi mtu. Labda kwao. Mimi siku ile nilikula, nikaongezwa, nikalala mpaka asubuhi. Nilipoamka nilimkuta Mama Pacha mlangoni petu, ameshika ule mto wangu wa kuegemea.

"Umeusahau, Bibi," akasema. Akachungulia ndani, kwenye mashine. "Na nimekuja kuuliza kama hapa kuna kazi."

"Ipo," mjukuu wangu akajibu kabla sijafungua mdomo. "Lakini soma kwanza nyuma ya boksi."